Uzi: Rambo (mifuko ya plastiki) zilivyopigwa marufuku 2019, genge la mama yangu, na kwanini matangazo mengine yanashika na mengine yanayeyuka

#1 mtoto_wa_genge

Wakuu habari za humu. Mimi huwa nasoma tu siandiki, ila juzi kuna mjadala ulipita hapa watu wakawa wanasema Mtanzania bila kiboko hatii, serikali ikitangaza kitu watu wanakaa wanasubiri mgambo waje ndio waanze kukimbia. Ile kauli iliniuma, kwa sababu nimekulia kwenye genge na nimeona kwa macho yangu tangazo likitoka bungeni Dodoma mpaka linafika kwenye meza ya mbao Mbagala, na namna lilivyofika siyo hivyo mnavyosema. Huu uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite tu hakuna ubaya.

Tukumbushane kwanza. Tarehe 9 Aprili 2019 Waziri Mkuu Majaliwa alisimama bungeni akasema mwisho wa mifuko ya plastiki ni tarehe 31 Mei, kuanzia 1 Juni ni marufuku kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia. Kutoka siku ile mpaka siku ya kuanza ni siku 53 tu. Baadae zikatoka kanuni chini ya Ofisi ya Makamu wa Rais, waziri wa mazingira wakati huo alikuwa January Makamba, na humo ndio tukaona faini: anayeuza laki moja mpaka laki tano au jela isiyozidi miezi 3, na anayekutwa nayo mkononi tu elfu 30 mpaka laki mbili au siku 7 ndani. Mtengenezaji na mwingizaji ndio wakapigwa mamilioni kuanzia 20 mpaka bilioni.

Sasa mama yangu ana genge. Nyanya, vitunguu, bamia, mchicha, dagaa wa kupima, mafuta ya kupima, mkaa pembeni. Mteja wa genge hatoki nyumbani na kapu, anatoka na mia tano mkononi, anapita akitokea kwenye daladala, anachukua nyanya tatu na kitunguu. Bila rambo atabebea wapi? Mama alikuwa ananunua rambo bunda zima kwa bei ambayo haiumi, zile ndogo anampa mteja bure, kubwa anauza mia. Yaani rambo ilikuwa sehemu ya biashara kama mzani ulivyo, hakuna mtu aliyekuwa anaihesabu.

Aliposikia tangazo kwenye redio hakubisha hata kidogo. Na hili ndio nataka watu walisikie vizuri. Alisema "ni kweli, mtaro wetu umejaa haya madude". Sisi tunakaa bondeni, mvua za masika zikija mtaro unaziba, maji yanaingia ndani mpaka kitandani, na ukizibua unakuta rambo tupu, rambo juu ya rambo zimeshikana na tope. Kwahiyo mama alikuwa upande wa serikali kabla ya mimi na wewe. Swali lake lilikuwa moja tu: "sasa nitawawekea kwenye nini?" Na kwa siku karibu zote 53 hakuna aliyekuja kulijibu. Mwenyekiti wa mtaa alikuja kukumbusha faini, gari la matangazo lilipita likikumbusha faini, redio ilikumbusha faini.

Wiki ya mwisho ndio ilikuwa kizaazaa. Kumbukeni ilikuwa mwisho wa Ramadhani, Idi imekaribia, watu wananunua tambi, tende, viazi, na genge ndio lina wateja kuliko wakati wowote. Mama alikuwa na bunda tatu hazijafunguliwa. Akaniuliza nifanyeje, nikamwambia zimalize. Akawa anagawa kama njugu, mteja wa nyanya mbili anapewa rambo mbili ili tu ziishe. Ukitazama kwa nje utasema huyu mama mkaidi, siku mbili kabla ya marufuku ndio anagawa zaidi, kumbe anafanya hesabu, hela yake iko mle ndani na hakuna pa kuirudisha maana aliyemuuzia naye anakimbiza zake.

Tarehe 1 Juni asubuhi ilikuwa Jumamosi. Wakuu, sijawahi kuona kitu kama kile. Mtaa mzima hakuna rambo. Hakuna! Watu wamebeba nyanya kwenye kanga, kwenye kofia, kwenye ndoo ndogo za watoto, mzee mmoja kakunja kanzu mbele kaweka viazi. Bucha wamerudi kwenye magazeti. Wamama wenye vikapu vya ukindu walivyovitupa uvunguni wakavitoa vikapanguswa vumbi. Na hiyo mifuko mbadala ile ya kitambaa kitambaa ikaja siku zilezile, mdogo mia mbili, mkubwa mia tano, wakati mwingine zaidi. Mgambo hakuwepo. Nimerudia makusudi, mgambo hakuwepo mtaani kwetu ile wiki ya kwanza, na watu walitii.

Kilichofuata ndio kinanifanya niandike. Mtu wa mia tano hawezi kununua mfuko wa mia mbili kila jioni. Taratibu ikaanza kurudi ile nailoni nyeupe inayoonyesha, haina mikono. Kanuni zilikataza vibebeo, zikaruhusu vifungashio, yaani vya kufungia bidhaa kama dawa, vyakula vya kiwandani na mambo ya kilimo. Sasa nenda kamweleze mwanamke anayeuza barafu na maji ya kandoro, yale ya kufungwa kwenye nailoni, nailoni yake ni kifungashio au kibebeo? Karanga za kukaanga je? Hakuna aliyejua, hata huyo mwenye fulana ya kukagua hakujua, na pale pasipojulikana ndipo biashara ikapita. Mpaka 2021 serikali ikabidi itangaze tena, safari hii kuhusu vifungashio vinavyotumika kama vibebeo.

Siku moja mama alikamatwa. Sitasema na nani wala wapi. Alikuwa na nailoni za dagaa, akaambiwa hivi ni vibebeo, alipe palepale, risiti hakuna. Alilipa elfu kumi iliyokuwa ya kurudi sokoni Temeke Stereo alfajiri. Kesho yake genge halikufunguliwa. Toka siku ile ndio mama akaanza kuficha. Kabla ya hapo hakuwa anaficha kitu.

Naomba michango, hasa wenye uzoefu wa matangazo mengine.

#2 wakala_laini

Mkuu umeandika vizuri. Mimi nilikuwa nasajili laini kipindi kile cha alama za vidole. Mwisho ulikuwa 31 Desemba 2019, Rais Magufuli akaongeza siku 20, ikawa 20 Januari 2020. Watu walikuja kusema Watanzania wanapenda dakika za mwisho. Hapana. Ili usajili laini kwa kidole lazima uwe na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na wengi wa waliokuwa kwenye foleni yangu walikuwa wameshajiandikisha NIDA zamani, namba ndio haijatoka. Mtu amekuja kwangu mara nne, kila mara narudisha, "bado haijasoma". Kuna bibi alikuwa anatoka kijijini na nauli ya kwenda na kurudi, laini yake ndio mtoto wake anamtumia hela ya dawa. Ukimwita huyo mkaidi unamuonea.

Nilichojifunza ni kwamba tangazo la pili linategemea la kwanza. Ukitaka kidole cha laini, hakikisha kwanza kitambulisho kimetoka. Foleni inaonekana dukani kwangu lakini chanzo chake kiko mbali na mimi.

#3 Mdau_Moro

Uzi mzuri. Naongeza la zamani kidogo kwa sababu watu wanadhani haya mambo yameanza jana.

Babu yangu ni Mluguru wa Matombo. Miaka ya 1950 Waingereza walileta mpango wa kuhifadhi ardhi kwenye milima ya Uluguru, kila mwenye shamba achimbe matuta ya ngazi, na siku za kazi zikapangwa, asiyefanya anashtakiwa. Nia ilikuwa njema kwenye karatasi, mlima unamomonyoka, mito inayoshuka mabondeni inajaa tope. Ila ule mlima udongo wake mzuri ni mwembamba, uko juu juu. Ukichimba ngazi unaufukia mzuri na kuutoa juu ule mbaya wa chini. Babu alikuwa anasema mahindi kwenye tuta yalitoka ya njano kama mgonjwa wa manjano, na kando yake pale ambapo hapajachimbwa yamesimama. Watu wakasema hatuchimbi. Wakaambiwa wavivu.

Julai 1955 ikalipuka pale Matombo, watu walikusanyika, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Baada ya hapo mpango ukaachwa. Chama cha TANU, kilichokuwa kinadai uhuru, kilikuwa ndio kwanza kina mwaka mmoja na kilipata wanachama wengi mlimani kwa sababu ya matuta.

Sasa linganisha na Wamatengo kule Mbinga. Mlima mkali vilevile, mvua vilevile, na wao wanachimba ngoro, yale mashimo yenye kingo za nyasi zilizofukiwa, kazi ngumu kuliko hata matuta. Wamefanya hivyo vizazi na vizazi, hakuna bwana shauri aliyewaamuru, na udongo wao umekaa. Kwahiyo mtu mlimani hakatai jembe, anakataa jembe linaloharibu shamba lake huku anaambiwa linatengeneza. Babu alikufa bado anakumbuka yale mahindi ya njano kuliko hata bunduki.

#4 mtoto_wa_genge

Mdau wa Moro asante sana, hiyo ya mahindi ya njano nitamsimulia mama leo. Ni kitu kilekile, mtu mwenye shamba anaona jambo ambalo mwandishi wa tangazo haoni, na hakuna njia ya lile jambo kurudi juu mpaka kitu kivunjike.

#5 Pwani_Unguja

Assalaam alaykum. Sisi Zanzibar tulipiga marufuku hii mifuko tangu 2006, miaka 13 kabla yenu. Kisiwa kidogo, taka haina pa kwenda, ikipeperuka inaingia baharini, na bahari ndio riziki ya watu wengi, mvuvi na mwenye hoteli. Kwahiyo watu walielewa haraka.

Lakini nikwambie tatizo letu lilikuwa nyinyi, na nasema bila ubaya. Muda wote bara mifuko ilikuwa halali, basi ikija kwa majahazi na maboti, imefichwa chini ya mzigo wa vitunguu. Unamkamata muuzaji wa soko la Darajani leo, kesho mzigo mwengine ushashuka. Sheria ya kisiwa kimoja mbele ya jirani asiyekuwa nayo ni kama kuteka maji kwa pakacha. Ilipofika 2019 mkaungana nasi ndio tukapata nafuu. Mambo haya yanataka majirani waende pamoja, na mwenzetu Rwanda alianza 2008 naye alihangaika na mipaka vilevile.

Na ukindu, usisahau ukindu. Wanawake wanaosuka huku walipata soko lao tena. Hilo halikuandikwa kwenye kanuni yoyote lakini ni faida ya kweli.

#6 mkaaji_wa_Nai

Niko Nairobi, naomba nichangie. Sisi yetu ilianza 28 Agosti 2017 baada ya notisi ya miezi sita, na adhabu yake ilikuwa ya kutisha, milioni mbili hadi nne za Kenya ama jela mwaka mmoja hadi minne. Kabla ya hapo serikali ilikuwa imejaribu mara mbili, 2007 na 2011, ikashindwa. Ile ya 2017 ndio ikashika.

Kwa nini ikashika? Watu husema ni ile faini. Mimi nakaa karibu na soko na naona faini ilifanya watu waogope wiki za kwanza pekee. Kilichobadilisha ni kwamba supamaketi zote ziliacha siku moja, kwa hivyo hata mwenye pesa na asiye na pesa wote walitoka na mzigo mkononi. Hakuna aliyehisi ameonewa peke yake. Mama mboga wangu hukata sukuma na zamani aliweka kwa juala (mfuko wa plastiki), sasa wateja wakaanza kuja na bakuli ama kiondo, na asiye nacho anangoja jirani yake. Ila bado juala zilikuwa zinaingia kutoka mpakani, za rangi nyeusi, ghali kuliko zamani, na anayeshikwa nazo ni mama mboga, si aliyezivusha. Hapo ndio uchungu uko.

#7 mwenye_duka_Arusha

Wakuu mimi nina duka la jumla na nitaongelea viroba, ile pombe kali ya vipakiti vya plastiki. Waziri Mkuu alitangaza Mirerani tarehe 16 Februari 2017, marufuku inaanza 1 Machi. Siku 13! Nilikuwa na katoni stoo nilizokopa. Sikatai sababu zake, vijana walikuwa wanaharibika kweli, mtoto wa shule anaweka kiroba kwenye soksi mwalimu haoni, na mapakiti yake yalijaa kwenye kila kituo cha bodaboda. Nina mtoto wa kaka yangu aliyepotea kwenye viroba. Nilifurahi vikaondoka, na kweli viliondoka, tena haraka kuliko rambo. Unajua kwanini? Viwanda vyenyewe vilikuwa vinahesabika, mashine ikizimwa imezimwa. Rambo ilikuwa inatoka kila mahali.

Lakini mnywaji hakuacha, alihamia kwenye chupa ndogo, akachangishana na wenzake. Na mimi deni langu nilililipa miezi minane. Ningepewa miezi miwili tu ningeagiza kidogo kidogo mpaka iishe, na bado marufuku ingefanya kazi ileile.

#8 Mpita_njia

Nyote mnatetea uvunjaji sheria. Nchi haiendeshwi kwa kumuuliza kila muuza nyanya. Rwanda wanaambiwa usafi wanafanya usafi. Hapa kila kitu ni kulia lia. Serikali ikisema ni kutii basi.

#9 mtoto_wa_genge

Mpita njia nakujibu kwa heshima kabisa. Hakuna hapa anayetetea uvunjaji. Rudi usome, nimesema tarehe 1 Juni mtaa mzima ulitii bila mgambo. Utii ulikuwepo. Kilichokosekana ni mfuko wa bei ya mtu wa mia tano, na mtu wa kueleza kibebeo ni kipi na kifungashio ni kipi. Ukiwa na utii wa watu milioni kadhaa mkononi halafu ukaupoteza ndani ya miezi michache kwa kukosa vitu viwili hivyo, hiyo ni hasara kubwa kuliko faini zote utakazokusanya. Na kumuuliza muuza nyanya siyo lazima uwaulize wote, waulize kumi pale soko la Tandika, kumi Mabibo, kumi Stereo. Asubuhi moja inatosha. Wangekuambia kwamba shida siyo mfuko mkubwa, shida ni wa nyanya tatu.

Halafu angalia tozo. Tarehe 15 Julai 2021 tozo ya miamala ya simu ilianza, kuanzia shilingi 10 mpaka 10,000 kwa muamala kutegemea kiasi. Hakikupigwa marufuku kitu hapo, ilikuwa sheria halali imepita bungeni. Nani aliikaidi? Hakuna. Watu walilipa au waliacha kutuma. Mjomba wangu alirudi kumpa konda wa basi la Songea bahasha kama zamani kabla ya simu, duka letu la mtaani likaanza kukataa kulipwa kwa simu. Kimya kimya, kila mtu kwake. Na serikali iliona kwenye hesabu zake, Septemba ikapunguza asilimia 30, mwaka uliofuata kiwango cha juu kikashuka mpaka 4,000. Mimi naona ile ilikuwa njia ya watu kuongea, na safari hii juu walisikia. Ningependa tusikilizane hivyo kabla, siyo baada ya mjomba kupoteza bahasha. Ndio, moja ilipotea, hela ya ada.

#10 wakala_laini

Tozo ile nilifunga kibanda miezi miwili. Siongezi neno.

#11 Mdau_Moro

Mtoto wa genge, mama bado anauza? Na anawekea kwenye nini sasa hivi?

#12 mtoto_wa_genge

Bado anauza mkuu, genge lipo palepale. Nashukuru kwa kuuliza.

Baada ya ile elfu kumi alikaa kama mwezi anauza kwa hofu, anaweka nailoni chini ya gunia la mkaa, mteja akija anaangalia kushoto na kulia kama anauza bangi. Alichoka mwenyewe. Siku moja akaenda kwa mama mmoja wa Kilwa anayesuka, akanunua vikapu sita vidogo vya ukindu kwa mkopo. Akavitundika kwenye msumari mbele ya genge. Mteja akija mikono mitupu anaweka nyanya zake kwenye kikapu, anaacha elfu moja, akirudisha kikapu kesho anapewa elfu yake. Wale anaowajua hawaachi kitu, anaandika jina kwenye daftari la madeni. Mwanzoni watu walishangaa, wengine wakaona anawasumbua wakahamia genge la pili. Baadae wakarudi, maana kikapu hakichaniki njiani na nyanya hazipondeki.

Dagaa anawafunga kwenye gazeti, mafuta mteja lazima aje na chupa, hilo hana mjadala. Barafu ameacha kuuza kabisa, hajapata njia yake, na ile ilikuwa inampa karibu elfu tatu kwa siku wakati wa joto.

Vikapu sasa ni kumi na nne. Vingine vimezunguka mpaka Kongowe na kurudi. Jana nilimpitia nikahesabu kwenye msumari vilikuwepo vitano, nikamwuliza vingine viko wapi, akasema viko majumbani kwa watu, vitakuja jioni wakitoka kazini.